Bwana wa Usiku wa Noella

Soko la Kimanga halina adabu kwa mtu mwenye haraka. Mikokoteni inakukanyaga visigino, muuza samaki anakumwagia maji ya ndoo kwenye kitenge, na yule jamaa wa dawa ya panya anakupigia kipaza sauti sikioni utadhani panya ni wewe. Noella alipita humo asubuhi moja ya kiangazi, amevaa blauzi ya njano na kitenge cha bluu chenye maua meupe, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa ametoka ufukweni Kalundu kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, za jumla, na sasa alikuwa akitafuta fundi wa cherehani asiyemjua. Asiyemjua kabisa, hilo ndilo aliloliona la maana.

Akamwona mmoja chini ya baraza la duka la sabuni. Kijana mrefu, tepu ya kupimia shingoni, shati jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi ingawa ilikuwa Jumatano tu.

"Karibu, mama. Ni kushona robe ao ni kupunguza?"

"Ni lastiki tu. Imekatika."

Noella akatoa mkobani utepe mpana mweusi, laini, wa kufunga kichwani. Upande wa macho ulikuwa na vitaa viwili vidogo, na upande wa masikio vispika vyembamba vilivyofichwa ndani ya kitambaa. Fundi akaugeuza huku na huku.

"Iyi ni kitu gani?"

"Ya kichwa. Kichwa inaniumaka."

"Na mataa ni ya nini? Kichwa yako inatembeaka mu giza?"

Noella akacheka bila kupenda. "Shona, bana. Uko nauliza maswali kama polisi wa ku barriere ya barabara."

"Polisi anaulizaka apate kitu. Minye niko nauliza bure. Naitwa Osée." Akasimama na tepu yake. "Lazima nipime. Lastiki ikikaza sana, kichwa itauma zaidi."

Akaizungusha tepu kichwani mwake polepole, na vidole vyake vikagusa nywele za pembeni, pale juu ya sikio. Noella akanusa sabuni na mafuta ya cherehani. Osée aliposoma kipimo, alikisoma mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuona kitu. Lastiki ikashonwa, ikashonwa vizuri kupita kiasi, na fundi akaomba namba ya simu ili, alisema, kama lastiki itakatika tena asihangaike kumtafuta.

Noella alikuwa amemdanganya. Kichwa chake kilikuwa kizima. Kilichokuwa kinamtesa ni ndoto.

Mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika ukateremka na mawe na nyumba za watu, Noella alitoka mbio mtaani kwao Nyamianda akimshika mkono mdogo wake, Laure. Mkono ukateleza. Noella akaendelea kukimbia, kwa maana maji hayakumpa nafasi ya kufikiri, na aliposimama juu kwenye mwinuko alikuwa peke yake. Tangu hapo ndoto ikawa moja: maji nyuma yake, Laure anamwita, na shingo inakataa kugeuka. Alikuwa akipiga kelele usingizini, akirusha mateke na ngumi. Majirani walisikia. Mchumba wake wa kwanza, Patient, akaambiwa na ndugu zake kwamba msichana ana bwana wa usiku, yaani pepo anayeoa wanawake ndotoni na kufukuza wanaume wao wa mchana. Patient hakubisha. Aliacha tu kuja.

Noella aliapa kwamba mwanaume mwingine hatalala karibu naye kabla ndoto ile haijaisha. Ndiyo maana alipita kila mara kwa Rayan, fundi wa simu mwenye miwani wa palepale Kimanga, ambaye alikuwa ameletewa katoni ya vyombo vya umeme vilivyotumika kutoka Bujumbura. Humo ndimo ulimotoka ule utepe.

"Muntu akianza kuota, macho inachezaka chini ya kope," Rayan alimweleza. "Mashini inaona, inawasha taa nyekundu muzuri muzuri, inasema. Weye mu ndoto unasikia, unajua: ah, iyi ni ndoto. Ukishajua, uko mwenyewe. Unaweza kusimama, unaweza kugeuka."

"Na nikijidanganya kama siko mu ndoto?"

"Mu muchana, kila mara ukiona kitu nyekundu, angalia mukono yako, hesabu vidole. Itakuwa desturi. Mu ndoto vidole haitakuwaka sawa."

Saa nzuri ya kujaribu, Rayan alisema, ni ule usingizi wa asubuhi wa mtu aliyekwisha kuamka akarudi kulala. Kwa mwanamke anayenunua ndagala alfajiri hilo lilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa sauti. Ndani ya mashine ile mlikuwa na sauti ya mwanamke wa Kizungu aliyenong'ona maneno ambayo Noella hakuyaelewa, na kila alipoisikia ndotoni alizidi kukimbia.

Wakati huo huo mapenzi yalikuwa yamekwishaanza, na Osée alikuwa mtu wa kutuma audio za sauti yake kwa simu kama wengine wanavyopiga chafya. Akila, audio. Uzi ukikatika, audio. Alituma na kusahau, hakusikiliza hata moja tena. Siku moja Noella alipita sokoni haraka haraka bila kumwona. Osée aliita, sauti ikamezwa na kelele. Akatoka mbio, simu mdomoni: "Noella! Simama basi. Geuka, niko hapa nyuma."

Noella akaisikiliza katikati ya mikokoteni. Akasimama. Akageuka, na Osée alikuwa pale, anahema, mandazi ya moto mkononi ndani ya gazeti.

"Utakufa mbio, sheri. Juu ya mandazi?"

"Juu ya mwenye kula mandazi." Akamwangalia. Noella alikuwa ameona ndoo nyekundu ya muuza maji, na tayari alikuwa anakitazama kiganja chake. "Mbona unaangaliaka mukono kila saa? Uko nasoma bahati yako?"

"Niko naangalia kama weye ni wa kweli."

"Na?"

"Vidole iko tano. Uko wa kweli."

Osée akang'ata andazi, akacheka hadi chembe zikampalia. Audio ile aliisahau kabla ya jua kuzama. Noella hakuisahau.

Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Siku ya mahari ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga kule uwandani. Aliyemlea Osée ni shangazi yake, Mama Ernestine, mwanamke mnene wa kilemba cheupe, anayeheshimiwa sana katika chumba cha maombi na kuogopwa kidogo nje yake. Alimpenda Noella kwa bidii yake ya kazi. Lakini macho yake yalikuwa makali, na ile tabia ya binti kujitazama kiganja ilimkaa moyoni.

Basi ikaja asubuhi ambayo Osée alikwenda kwa Noella, Nyamianda, bila kupiga simu. Begani alibeba gauni la siku ya mahari, la kitenge cha wax cha kijani na dhahabu, mabega yamepaa, kiuno kimebana. Alikuwa amelishona kwa siri na alitaka kuona uso wa Noella atakapoliona.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Noella alikuwa amelala kwenye kochi, amevaa ule utepe kichwani. Osée akatabasamu, akadhani kichwa kinamwuma. Akainama amwite, na hapo vitaa vikaanza kuwaka na kuzimika, vyekundu, juu ya macho yaliyofumba. Kisha sauti ya mwanaume ikatoka ndani ya kitambaa, nyembamba, ya polepole:

"Simama basi… Geuka… Niko hapa nyuma."

Midomo ya Noella ikacheza. "Niko nakuya," alisema usingizini, kwa sauti laini ambayo Osée alidhani ni ya kwake peke yake. "Usiende."

Wewe unayesoma pengine umekwisha kujua. Osée hakujua. Alikuwa amesikia mwanaume akisema na mchumba wake kama mwenye haki naye, na mchumba wake akijibu, na wivu ulipompanda masikio yake hayakuwa na kazi tena. Akaushika utepe, akauvuta kwa nguvu.

Noella aliamka na ukelele. "Osée! Kwa nini umeniamusha? Nilikuwa karibu!"

"Karibu na nani?"

"Ungengoja kidogo tu! Kidogo tu, Osée!"

"Huyu mwanaume ni nani?"

Noella alimtazama. Alidhani anatania, hata tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo.

"Uko nacheka? Ni Rayan, eh? Bantu banasemaka unaingia kwake kila juma, nikakataa kusikia. Ni yeye?"

Tabasamu likafa. "Osée. Haujue ile sauti?"

"Nitaijulia wapi sauti ya bwana yako?"

Uso wa Noella ukabadilika. Alikuwa ametafuta katika dunia nzima sauti moja tu ya kuiamini, na mtu huyu alikuwa amesimama sebuleni kwake akiiita ya hawara. Iliuma kuliko angeweza kueleza.

"Kama haujue ile sauti," alisema polepole, "minye siwezi kukufundisha."

"Ulisema ni ya kichwa! Minye nilishona lastiki na mikono yangu, niko nafikiri uko na maumivu!"

"Nilikuongopea. Ile kosa ni yangu, naikubali. Sasa toka mu nyumba yangu."

Osée akatoka. Utepe alikuwa bado ameukunja ngumini, na gauni la kijani likabaki sakafuni pale lilipoanguka.

Alimkuta Mama Ernestine uani, kinu cha sombe, majani ya muhogo, mbele yake. Alimweleza yote huku anatembea huku na huku. Shangazi aliacha mchi.

"Taa nyekundu," alirudia. "Sauti ya mwanaume. Na yeye anajibu mu usingizi. Na ile mukono anaiangaliaka kila saa."

"Ni Rayan, shangazi. Nitamuvunja meno."

"Rayan gani? Mutoto yangu, ile ni bwana wa usiku. Niliionaka kwa bengi. Ile muntu wa kwanza, Patient, njo ile pepo ilimufukuza. Leo ni weye. Leta ile kitu hapa."

Na tuseme ukweli wote: Osée aliona nafuu. Pepo hana duka Kimanga. Pepo hana mikono, havai miwani, hukutani naye njiani akakusalimia. Ilikuwa rahisi kuchukia pepo kuliko kufikiri kwamba Noella anampenda mtu mwingine. Akaufungua mkono, akampa.

Waliuchoma mchana huo huo katika ua wa chumba cha maombi, juu ya makaa, kwa mafuta na nyimbo. Plastiki ikanuka vibaya. Osée akasimama nyuma ya akina mama, akaona mshono wake mwenyewe, ule mshono aliousokota mara mbili ili usimbane kichwa, ukijikunja ndani ya moto. Akaondoka nyimbo zikiendelea.

Simu ililia kabla hajafika nyumbani.

"Osée, leta kitu yangu. Hatutaongea, leta tu."

"Noella…"

"Iko wapi?"

"Baliiunguza. Ku maombi."

Upande ule ilisikika redio ya jirani.

"Balisema ni nini?"

"Balisema… balisema ni bwana wa usiku."

Noella akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Tena. Na weye ulisema nini?"

"Minye sikusema kitu."

"Patient pia hakusemaka kitu." Sauti yake ikaanza kutetemeka, akaishika. "Sikiliza, sitarudilia. Tangu maji ya Mulongwe niko naota ndoto moja. Laure iko naniita nyuma, na minye niko nakimbia, siwezi kugeuka. Napiga makelele, napiga bantu. Nilitaka nigeuke mara moja tu, Osée, mbele ya kulala karibu yako, juu nisikupige, juu nisikuletee haya mbele ya ndugu zako. Mashini ilikuwa ya ile. Leo asubui shingo ilianza kugeuka. Ilianza! Na weye ukavuta."

Mtu mwenye akili angesema samahani. Osée wivu ulikuwa bado unamchoma, na ulimi ukamtangulia: "Na ile sauti? Ni ya nani?"

Simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe wa maandishi tu kwa Osée, mtu wa audio: Jumamosi Noella anakwenda Kamanyola kwa mjomba wake, ataishi huko, na zawadi za uchumba zitarudishwa kwa mkono wa jirani. Osée alipiga, akapiga tena. Noella alikuwa amemfungia namba.

Ijumaa aliingia kwa Rayan bila hodi. Rayan alikuwa ametoka msikitini, kanzu imekunjwa mikono, anachomelea simu iliyo wazi.

"Kaka Osée. Kamata kiti."

"Sikai. Nitakuuliza mara moja. Ile sauti ya mu mashini ni yako ao si yako?"

Rayan akaweka chini chuma cha kuchomelea. Akamtazama, akaangua kicheko, halafu akaona macho ya mwenzake yamejaa maji na kicheko kikamwishia kooni.

"Haujue kweli?"

"Rayan, nitavunja iyi meza."

Rayan akachukua simu yake, akatafuta, akabonyeza. Kitu cha kwanza Osée alichosikia ni kelele za soko. Mikokoteni. Kipaza sauti cha yule jamaa wa dawa ya panya. Kisha mtu anayehema, anayekimbia: "Noella! Simama basi. Geuka, niko hapa nyuma."

Dawa ya panya ndiyo iliyomfungua masikio. Aliikumbuka siku ile, akakumbuka hata joto la mandazi ndani ya gazeti.

"Ile ni… ni minye?"

"Ni weye, bana. Nilifuta tu makelele ya soko, nikapunguza mbio. Muntu hajuake sauti yake. Weye unajisikiaka kutoka ndani, siye tunakusikia kutoka inje. Lakini nilifikiri utajua maneno, angalau."

"Kwa nini minye?"

"Nilimwambia atie sauti yake mwenyewe. Akakataa. Akasema: minye sijisikilizake. Tia huyu. Huyu akisema simama, nasimamaka hata katikati ya mikokoteni."

Osée akakaa. Akalaza uso juu ya meza, katikati ya skrubu na vioo vilivyopasuka, akalia bila kujali nani anapita nje. Alikuwa amejionea wivu mwenyewe. Alikuwa amejichoma mwenyewe juu ya makaa, huku akina mama wanaimba.

"Iko mashini ingine?" aliuliza alipoweza.

"Ilikuwa moja tu." Rayan akamsogezea kitambaa. "Lakini fikiri. Ile mashini ilikuwa na kazi mbili: kuangalia macho na kusema. Macho uko nayo. Mudomo uko nayo, na haujuake kuufunga. Ngoja tu macho yake icheze chini ya kope. Ukisema mbele ya saa, utamuamusha. Ukichelewa, ndoto itamushinda."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Milima juu ya mji haikuonekana, na Mulongwe ulikuwa umeanza kunguruma. Gari la Kamanyola lilisimama barabarani Nyamianda likingoja mvua ipungue. Noella alikuwa sebuleni amekaa juu ya mzigo wake, koti limefungwa hadi shingoni, macho mekundu ya mtu ambaye tangu siku ile hajathubutu kulala vizuri.

Osée aliingia amelowa. Nyuma yake, chini ya mwavuli, Mama Ernestine. Alikuwa amemwambia shangazi yake uso kwa uso kwamba pepo waliyemchoma ni yeye mwenyewe, ni sauti yake. Shangazi alikuwa hajaamini, akasema atakwenda ajionee, na kama ni pepo kweli, ndoa haipo tena na Osée asimlilie.

"Umekuya kufanya nini?" Noella aliuliza.

"Nilisikia sauti yangu." Osée akapiga magoti palepale, maji yanamchuruzika. "Ku simu ya Rayan. Nilikuwa kiziwi, Noella. Ulinichagua mu dunia yote, na minye nikasema uko na mwanaume mwingine. Nisamehe."

"Umechelewa. Gari iko nangoja mvua."

"Hata kama utaenda. Lala kwanza. Mashini iliungua, lakini sauti iko hapa."

Noella alimtazama Mama Ernestine. "Nilale mbele ya tantine? Anione napiga makelele, basi bantu bote ba maombi bajue?"

Mama Ernestine akaketi kwenye kiti cha mkono, mwavuli kati ya magoti. "Minye sisemake nyuma ya muntu," alisema. "Nikiona mubaya, nitakwambia weye mwenyewe, hapa hapa."

Mto ukanguruma nje. Noella alijua kwamba kwa mvua ile, popote atakapofumba macho, hata garini, ndoto itamkuta. Alikuwa amechoka kukimbia na amechoka zaidi kuficha. Akavua koti, akajilaza kwenye kochi.

"Angalieni basi," alisema kwa hasira. "Angalieni yote."

Usingizi ulimchukua upesi. Osée alivuta kigoda karibu na kichwa chake, akakodolea macho zile kope. Hazikucheza. Mvua ikazidi juu ya mabati, Mama Ernestine akasinzia, akazinduka, akaanza kunong'ona sala. Kope zilikuwa bado zimetulia. Osée alijizuia kumeza mate, akiogopa hata sauti hiyo.

Halafu zikacheza. Chini ya ngozi ile nyembamba macho ya Noella yalianza kukimbia, huku, huku. Vidole vikakunjwa. Mguu ukapiga pembe ya kochi na mlio wa kilio ukaanza kupanda kutoka kifuani. Mama Ernestine akasimama, mkono umeinuliwa. "Katika jina la…"

"Shangazi, ngoja!" Osée akaushika mkono ule, akaushusha. Maishani mwake alikuwa hajawahi kumwamuru. Akamwinamia Noella.

"Noella," alisema. "Simama basi."

Mateke hayakukoma. Kilio kikapanda.

"Geuka. Niko hapa nyuma."

Mguu ukatulia. Pumzi ikakatika, na kwa muda Osée alidhani amemuua. Kisha, polepole sana, kichwa cha Noella kiligeuka juu ya mto wa kochi, kikaja upande wake, macho yamefumba bado. Chozi likatoka likavuka pua. Pumzi ikarudi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Hawakumwamsha. Mvua ilipungua, gari la Kamanyola likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Hakuna aliyeinuka.

Noella alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichoinua ni kiganja chake. Akahesabu kwa midomo.

"Tano," alisema. Akamwona Osée. "Nimegeuka."

"Nimeona."

"Laure hakukuwa nalia. Alikuwa nacheka juu ya minye kukimbia na kiatu moja." Sasa alikuwa analia yeye, na hakujifuta. "Akaniuliza: dada, huyu nyuma yangu ni nani? Nikamwambia, ni fundi wa nguo."

Osée alishika mkono ule wenye vidole vitano akauweka shavuni mwake. Mama Ernestine alikohoa, akakaza kilemba chake ambacho hakikuwa kimelegea.

"Kwa hiyo, mutoto," aliuliza, "ile bwana wa usiku. Hakuna?"

"Iko, tantine," Noella akasema. "Ni huyu muko naona."

Shangazi akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Alikuwa mwanamke mkali, lakini alijua kuona.

"Kama njo huyu," alisema mwishowe, "basi alete dot, ile mahari, mu muchana, kama banaume bengine. Na minye nilisema nitakwambia mubaya mbele ya uso: mubaya ilikuwa yangu. Unisamehe." Akaelekeza mwavuli kwenye msumari wa ukutani, ambako gauni la kijani na dhahabu lilikuwa limetundikwa, limekung'utwa vumbi, ingawa Noella alikuwa ameapa moyoni kuliacha. "Enda uvae ile robe, nione kama inakukaa."

Noella alirudi amelivaa. Mabega yalikaa sawa, kiuno kilikuwa kimelegea kwa sababu alikonda kwa kukosa usingizi. Osée akatoa pini kwenye ukosi wa shati lake, akazibana mdomoni, akapiga magoti na tepu yake.

"Simama basi," alisema kati ya pini. "Geuka."

Noella akasimama. Akageuka.